Diski Mpya na Miche Iliyosubiri Moto

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mashine yoyote. Nilifika Majengo asubuhi na mapema, nimevaa sketi niliyoazima kwa dada yangu, nikakuta karakana ya taipureta yenye mlango mmoja na mabenchi mawili. Fundi Mkuu, mwenye karakana, alikuwa ameketi anakunywa chai ya rangi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku akiitazama mikono yangu, usoni hakunitazama kabisa.

"Nenda kanawe," akasema.

Nikanawa. Akaitazama tena. "Rudi. Na kucha."

Siku ile nilinawa mara nne. Nilipokaribia kulia alinipa mswaki uliochakaa na kichupa cha spiriti, akaniwekea mbele taipureta ya ofisi moja ya mjini, akaniambia nisugue vyuma vya herufi hadi wino wote mkavu utoke. Nilisugua mwezi mzima. Nyumbani Shirimatunda mama aliuliza nimejifunza nini, nikamwambia nimejifunza kupiga mswaki.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na vitu vilikuwa adimu. Utepe wa wino ukikauka hatukuutupa. Tuliufungua wote mezani, tukaupaka wino wa mihuri uliochanganywa na mafuta kidogo ya cherehani, tukauviringa upya. Karatasi ya kaboni tuliitumia mpaka unaweza kumwona mtu ng'ambo ya pili. Na karatasi iliyoandikwa upande mmoja ilihesabika bado ni nzima, kwa sababu upande wa pili ulikuwepo. Kuitupa ilikuwa kama dhambi, nami nilikuwa muumini mzuri wa dini hiyo. Mtaona ilivyokuja kuniponza.

Fundi Mkuu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jambo moja alilirudia kila wiki. Mteja akileta mashine akilalamika kwamba imeharibika, yeye alikataa kulisikia neno hilo. "Mashine ikikataa usiibishie," alituambia. "Iulize imefika wapi." Alikuwa na maana ya kazi kabisa. Ukibonyeza herufi, kuna hatua saba au nane mpaka alama itokee kwenye karatasi: kidole, kibonyezo, fimbo, springi, chuma cha herufi, utepe, kisha rola. Wewe unafuata hatua moja moja mpaka uione ile ambayo haikutokea. Mafundi wengi walianza kwa kufungua skrubu zote. Yeye alianza kwa kubonyeza herufi moja polepole na kutazama.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, na kompyuta zikaanza kupanda mlimani. Taipureta zikawa zinaletwa kwetu kama wagonjwa wasio na ndugu. Fundi Mkuu alikuwa na akili, alinunua kompyuta mbovu, akaiweka benchi la pili, akaniambia, "Mimi macho yamechoka. Hii ni yako." Nilijifunza kwa kitabu kilichokosa jalada na kwa kuogopa. Miaka michache baadaye nikapata ajira kwenye kituo kimoja cha miche ya kahawa, juu huko kwenye migomba, ambako ukungu huingia ofisini hata bila kubisha hodi. Cheo changu kilikuwa karani, lakini kila kitu chenye waya kilikuwa changu.

Kituoni nilikuwa na wakubwa wawili. Wa kwanza ni Mkuu wa Kituo, mtu aliyenyooka kama rula, aliyekuja kutoka mkoa mwingine na aliyeheshimu kanuni kuliko usingizi wake. Wa pili ni Bwana Miche, mtafiti mzee, Mchagga wa hukohuko juu, ambaye sote tulimwita Meku, yaani babu, naye aliipenda sana heshima hiyo.

Kazi ya Meku ilinistaajabisha tangu siku ya kwanza, na inanistaajabisha mpaka leo. Miaka ile ugonjwa wa chulebuni ulikuwa ukiikausha kahawa ingali changa mtini, punje zinakuwa nyeusi na kudondoka. Meku alikuwa amepita kihamba baada ya kihamba, shamba la kila familia, akiuliza swali moja: ni mti gani wenu umekataa kuugua? Bibi mmoja anamwonyesha mti nyuma ya zizi la ng'ombe. Mzee mwingine anamwonyesha mti uliosahaulika kando ya mfongo, ule mfereji wa maji. Meku anachukua chavua ya mti huo, anaipaka kwenye maua ya mti mwingine mzuri kwa brashi ndogo kama ya kupaka rangi kucha, anayafunika maua kwa kifuko, kisha anangoja. Mche mmoja kuujua kama ni mzima humchukua miaka. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu ya maisha yake.

Kila mche ulikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na kadi yake. Kwenye kadi, kwa mwandiko wake mdogo wa kalamu ya wino, Meku aliandika mama wa mche ni mti upi, baba ni upi, ulitoka kihamba cha nani, na uliugua au haukuugua. Kwa kila familia aliacha ahadi kwamba mtoto wa mti wao atarudi kwao. Mimi nilipewa kazi ya kuziingiza kadi zote kwenye kompyuta. Ilinichukua misimu miwili ya mvua. Nilipomaliza, nilikaa nikalitazama sanduku lile la rangi ya maziwa, nikawaza kwamba nusu ya mlima imo humo ndani na hata halijaongezeka uzito.

Basi lisikilizeni kosa langu. Meku alikwenda likizo kutibiwa macho. Vibandiko vya kitaluni vikatuishia, vile vikaratasi vigumu vya kufunga kwenye miche, na mvua za kupandikiza zilikuwa karibu. Mimi nikazitazama zile kadi. Zilikuwa za karatasi ngumu, nzuri, na upande wa nyuma mweupe kabisa. Habari zake zote zilikuwa tayari kwenye kompyuta. Nikachukua mkasi. Nilizikata kadi zote vipande vipande, nikaandika namba za miche upande wa nyuma kwa kalamu ya wino usiofutika, nikawapa wa kitaluni wafunge. Nilijisifu moyoni kwa kubana matumizi. Hakuna aliyenituma. Maji ya kumwagilia yakaufuta ule mwandiko wa Meku ndani ya wiki mbili, zikabaki namba zangu tu.

Meku aliporudi akaniuliza, "Kadi zangu ziko wapi?"

"Zipo salama, Meku," nikajibu.

Akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kitaluni. Nilijiambia kwamba sikusema uongo.

Miezi kadhaa baadaye diski ya kompyuta ikaanza kugonga. Hapa nieleze kidogo. Diski ngumu ni kisanduku cha chuma chenye sahani zinazozunguka. Mafaili yote na mfumo wenyewe unaoiendesha mashine vinakaa humo. Ikianza kutoa mlio wa kugonga, ujue inaaga. Niliomba diski mpya, ikanunuliwa haraka. Nikazifunga zote mbili kwenye waya mmoja. Pini ndogo zilizo nyuma ya diski, zenye kiplastiki kinachoitwa jampa, ndizo huiambia mashine ipi ni ya kwanza na ipi ya pili. Ya zamani nikaiweka ya kwanza, mpya ya pili. Nikaigawa mpya iwe fungu moja, yaani eneo moja la kuhifadhia, nikaipiga fomati ili ipokee mafaili, nikahamisha mfumo, nikahamisha mafaili yote. Ilikuwa kazi ya mchana kutwa. Nikazima, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha.

Asubuhi, Jumanne, nikaitoa ile ya zamani, nikahamisha jampa ili mpya iwe ya kwanza, nikawasha. Mashine ikahesabu kumbukumbu zake, taa ikamulika, kisha kioo kikaandika mstari mmoja wa maneno meupe kwamba mashine imesimama, haina pa kuanzia. Nikakagua waya. Nikakagua jampa. Nikawasha tena, mstari uleule. Basi nikairudisha diski ya zamani, nayo haikuzunguka kabisa. Haikugonga hata mara moja. Ilikuwa imekwisha.

Mtaniuliza kuhusu nakala. Nilikuwa nazo, kwenye disketi, kabatini. Nilipozifungua nilikuta ukungu wa mlimani umeota juu yake vinyoya vyeupe, na hata disketi ya kuwashia mashine ilikuwa vivyo hivyo. Nilikuwa sijazitazama tangu masika yaliyopita. Nilikaa chini sakafuni.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Kituo nikamweleza, isipokuwa habari za mkasi; yeye alidhani kadi zilitupwa zamani. Meku alikuwepo. Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya kawaida:

"Miche inagawiwa wiki ijayo. Nusu ya kitalu kile ni ya majaribio yaliyougua. Siwezi kumpa mkulima mche nisiomjua mama yake, nikampelekea ugonjwa nyumbani kwake. Kama mpaka Ijumaa hatujui upi ni upi, yote inachomwa."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haki, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma hivyo. Meku hakuzitaja zile kadi hata kidogo. Alikuwa astaafu mwisho wa mwezi ule.

Mkuu akapiga simu kwa mtaalamu mmoja mjini. Jibu likaja: diski mpya imeandikwa vibaya, pigeni fomati muanze upya. Kupiga fomati ni kuisafisha diski iwe kama haijawahi kuandikwa. Mkuu akanigeukia. "Umesikia. Kama ni kupotea zimeshapotea. Angalau mashine ifanye kazi."

"Naomba unipe mpaka kesho kutwa, mkuu," nikasema.

"Kwa sababu gani? Huyu ni mtaalamu."

Ndipo Meku akafungua mdomo. "Muache huyuhuyu," akasema. "Asiguse mwingine."

Jumatano nikashuka Majengo. Fundi Mkuu alikuwa amezeeka, mswaki sasa anashika mwingine. Nikamsimulia mambo yote huku nikifuta machozi kwa kanga. Kompyuta hakuzijua, lakini aliniuliza swali lake lilelile.

"Imefika wapi?"

"Umeme umefika," nikasema. "Kumbukumbu imehesabu. Diski imeiona, hata jina lake imelitaja. Mfumo nimeuhamisha mwenyewe. Kisha inatafuta fungu la kuanzia..."

Hapohapo nikaona. Diski huwa na jedwali dogo mwanzoni kabisa, linaloorodhesha mafungu yake, na fungu moja lazima liwe na alama ya kusema anzia hapa. Programu ya kugawa diski hairuhusu kuweka alama hiyo kwenye diski ya pili. Inaruhusu ya kwanza tu. Na mimi nilipoiandaa diski mpya, ilikuwa ya pili. Kila kitu kilikuwemo, ila hakuna palipoandikwa pa kuanzia. Nilipiga kelele hata jirani muuza vitambaa akachungulia.

"Sasa unalia au unacheka?" akauliza Fundi Mkuu. Akaniletea kopo la biskuti lililojaa mchele mbichi, akapekua humo akatoa disketi ya kuwashia mashine, iliyokuja na ile kompyuta mbovu. Mchele unanyonya unyevu. Alikuwa anaitunza hivyo miaka yote, naye hakuwa na kompyuta inayofanya kazi.

Alhamisi asubuhi nilinawa mikono, na kucha. Meku akaketi kwenye stuli kando yangu, kofia magotini. Mkuu wa Kituo akasimama mlangoni. Nikaingiza disketi, nikawasha. Mashine ikaamka kwa kupitia disketi, ikangoja amri. Nikaandika amri ya kuorodhesha yaliyomo kwenye diski mpya, kisha kidole changu kikakaa juu ya kitufe cha mwisho bila kushuka. Nikasali kwanza. Nikabonyeza.

Majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Faili la miche lilikuwa humo, zima, saizi yake ileile. Siku mbili nzima tulikuwa tunawaomboleza walio hai.

"Basi zitoe," akasema Mkuu.

"Faili ni kubwa, haliwezi kuingia kwenye disketi hii moja, na nyingine zote zimeota ukungu. Lazima diski yenyewe iamke."

Nikafungua programu ya kugawa diski. Ikaleta orodha. Namba moja, kutengeneza fungu. Namba mbili, kuweka alama ya kuanzia. Namba tatu, kufuta fungu.

Meku alikuwa amevaa miwani yake mipya, akasogea. "Hiyo ya tatu inafanya nini?"

"Inafuta, Meku."

"Yote?"

"Yote."

"Na wameiweka jirani na ile unayoitaka?"

"Ndiyo."

"Ruwa wangu," akasema, akimwita Mungu kwa Kichagga. "Aliyepanga hivi hakufundishwa adabu."

Mkuu wa Kituo alicheka kidogo mlangoni, mara ya kwanza kumsikia. Mimi sikucheka. Nilimweleza Meku ninachotaka kufanya, kwamba data zote zipo ila mashine haijaambiwa ianzie wapi. Akafikiri. "Kama maji yamejaa kwenye mfongo," akasema, "lakini hakuna aliyetajwa kwamba leo ni zamu yake kufungua. Basi wote wamekaa wanayatazama."

"Hasa, Meku."

"Basi taja zamu."

Nikabonyeza mbili. Ikauliza fungu la ngapi, nikabonyeza moja. Kwenye jedwali, mahali palipokuwa wazi, ikatokea alama ndogo yenye ukubwa wa punje ya ulezi. Nikatoa disketi. Nikawasha upya.

Nimewasha kompyuta maelfu ya mara tangu siku ile, na sijaacha kustaajabu. Mashine ikiwashwa haijui kitu. Haijui kama ina diski, haijui saa, haijui mlima wala kahawa. Inagusa kiungo kimoja kimoja cha mwili wake kuona kama kipo, inasoma mstari mmoja mfupi, mstari huo unaifundisha kusoma mwingine mrefu zaidi, na huo mwingine, mpaka imejikumbuka yote. Asubuhi ile niliyaona hayo yote yakipita kwa zamu, na ilipofika mahali ilipokuwa ikisimama, haikusimama. Ikapita. Rangi zikajaa kioo. Nikafungua faili, nikaandika namba ya mche wa kwanza uliokuja akilini, na jina la yule bibi wa nyuma ya zizi likatokea, pamoja na mti wake, na neno moja mwishoni: mzima.

Meku alisimama. Alisimama tu, kofia mkononi, kama tunavyosimama kanisani wakati wa Injili. Mkuu wa Kituo akasogea karibu, akasoma lile jina kwa sauti, kisha akasema, "Chapisheni orodha yote, sasa hivi, kabla umeme haujakatika." Tulichapisha mpaka wino ukafifia. Ijumaa ilichomwa miche michache tu iliyopoteza vibandiko, iliyougua ikabaki kwenye majaribio, na wiki iliyofuata ile mizima ikapelekwa vihambani, kila mmoja kwa jina.

Meku alistaafu mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki kituoni chini ya wakuu wengine watatu. Mmoja aliamini kompyuta inaambukiza mafua, mwingine aliniletea diski yangu ya kwanza iliyokuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona zikijumlishwa. Nilifundisha makarani kuweka nakala tatu, moja nje ya jengo, na kuzifungua kila mwezi kuzitazama. Wao waliniona mkali bure. Nami nikastaafu, mgongo umepinda kidogo, macho bado mazuri.

Wiki moja baada ya kustaafu nilipanda kwenda kumtembelea Meku kihambani kwake. Alikuwa mzee sana, anatembea kwa fimbo, lakini alinizungusha mti kwa mti. Kahawa zilikuwa zimeiva nyekundu, sikuona hata punje moja nyeusi. Tulipoketi nikaona siwezi kuondoka na lile jambo tena.

"Meku," nikamwambia, "zile kadi zako nilizikata mimi. Kwa mkasi. Nilikudanganya."

"Najua," akasema. "Nilipotoka likizo nilikwenda kitaluni, nikageuza kibandiko cha kwanza. Mwandiko wangu ulikuwa bado haujafutika wote. Upande wa pili ulikuwa wako."

Miezi yote ile kabla hajastaafu, kila siku nilipomwamkia, alikuwa anajua.

"Na bado ukamwambia Mkuu aniachie mimi ile diski?"

Meku akaniangalia kama nimeuliza jambo la ajabu.

"Kwani pale kituoni," akasema, "nani mwingine angeogopa kuifuta kama wewe?"